Ipo, Lakini Si Yako

Ukiingia duka lolote la vipuri pale Gerezani, Dar es Salaam, swali la kwanza kutoka kwa fundi mwenye ovaroli yenye grisi ni hili: "Ipo?" Muuzaji akijibu ipo, biashara imeanza. Akijibu haipo, fundi ameshageuka, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Nimefanya kazi katika maduka hayo kwa miaka, kwanza nikiandika invoisi, baadaye nikizunguka kufunga programu za stoki, na sijaona jibu gumu kama hilo. Linaonekana jepesi kwa sababu watu hudhani linahusu rafu. Asikudanganye mtu. Rafu ina sehemu ndogo tu ya jibu. Sehemu kubwa imo katika ahadi: zile tulizoahidiwa na waliotuuzia, na zile tulizowaahidi wanaonunua kwetu.

Duka nililoanzia liliuza zaidi vipuri vya Toyota: brekpedi, shokapu, filta, bushi, klachi, beringi za magurudumu. Mafundi wa gereji za mjini walinunua moja moja. Wenye magari ya watalii kutoka Arusha walinunua kwa seti kabla msimu wa Juni haujaanza. Halafu walikuwepo wafanyabiashara wa Mbeya, Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi, hawa walibeba kwa katoni, na mara nyingi walitaka kitu ambacho hatukuwa nacho. Waliacha kishika uchumba, wakapanda basi, wakasubiri kontena. Mzigo wa haraka bosi aliutoa Dubai, wa wingi Guangzhou.

Stoo ilikuwa ya mzee mmoja mtu wa Tanga, ambaye sote tulimwita Mzee tu. Alikuwa na leja ya jalada gumu, ukurasa mmoja kwa kila kipuri, safu zikiwa zile za siku zote: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio. Hizo aliziandika kwa kalamu ya wino. Pembeni mwa ukurasa aliandika kwa penseli. Huko ungekuta "Arusha 8", "Kongo 24, kalipa nusu", "Mbeya 6 asubiri hadi Ijumaa". Kwenye ukurasa wa nyuma, kwa penseli vilevile, aliandika vilivyoagizwa: "Dubai 100, meli haijatoka". Mtu akija kuchukua chake, Mzee alifuta penseli, akaandika kwa wino kwamba kimetoka. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo Mzee," akaitikia "Marahaba mwanangu" bila kuinua macho kwenye leja yake, na kwa muda mrefu sikuona tofauti ya wino na penseli.

Niliiona siku programu ilipoingia. Mtaalamu aliyeletwa kuifunga alichukua leja, akahamisha safu moja tu: salio. Kila kilichoandikwa kwa penseli kilibaki kwenye karatasi, na leja ikapandishwa juu ya kabati. Kwa wiki chache kila mtu alifurahi. Kijana wa kaunta hakuhitaji tena kupiga kelele kwenda stoo; aliandika namba ya kipuri, skrini ikamjibu.

Basi akaja fundi wa gereji akitaka shokapu 10 za nyuma za Land Cruiser. Skrini ilisema 12. Kijana akauza, akakata risiti, akapongezwa. Kesho yake asubuhi alifika dereva kutoka Arusha, ametokea stendi moja kwa moja, ametumwa na tajiri wake kuchukua shokapu 8 ambazo kianzio chake kilishalipwa. Zilibaki mbili. Maneno yaliyosemwa pale kaunta siwezi kuyaandika hapa. Bosi akamgeukia kijana, kijana akaonyesha skrini, na skrini ilikuwa haina kosa: shokapu zilikuwa kweli 12 rafuni. Hakuna aliyeiuliza ngapi kati ya hizo zilikuwa na mwenyewe.

Ni Mzee aliyenieleza jambo hilo kwa namna ambayo mpaka leo naitumia ninapofundisha. "Mwanangu," aliniambia, "wewe mshahara ukiingia, hela yote iliyo mfukoni ni yako ya kutumia? Kuna ya mwenye nyumba, kuna ya mangi wa dukani. Na ile ya mwezi ujao unaijua itakuja, lakini huwezi kununulia unga leo." Hapo zipo hesabu zote. Kuna iliyopo, yaani unayoweza kuigusa. Kuna iliyotengwa, ambayo unaigusa lakini ina jina la mtu. Kuna iliyoagizwa, ambayo ni yako kwa makaratasi ila ipo baharini au ipo kiwandani au, Mungu anajua, bado ni ahadi ya dalali. Ya kuuza leo ni iliyopo ukitoa iliyotengwa. Ya kuuza siku za mbele ni hiyo ukiongeza iliyoagizwa.

Viwanda vya Marekani vilishaanza kuifanya hesabu ya namna hii kwa kompyuta katika miaka ya 1960, na kitabu cha Joseph Orlicky, aliyekuwa mtaalamu wa IBM, kikaipa umbo lake maarufu mwaka 1975: usiagize kwa kutazama mahitaji matupu, toa kwanza kilichopo na kilicho njiani, kinachobaki ndicho cha kuagiza. Mzee hakumjua Orlicky. Alikuwa na penseli.

Tulipofungua sehemu ya oda kwenye programu (ilikuwepo tangu mwanzo, ila hakuna aliyeiwasha), la kwanza lililomshtua bosi lilikuwa alama ya kutoa. Brekpedi za aina moja zilikuwepo 40, zilizotengwa 55, zilizoagizwa 100. Skrini ikaandika kwamba za kuuza leo ni hasi 15. "Mali inakuwaje chini ya sifuri?" aliuliza, akidhani mashine imeharibika. Nilimwonyesha kwamba wateja wameshaahidiwa 55 ilhali rafu ina 40, kwa hiyo 15 kati ya zile 100 zinazokuja zimeshapata wenyewe hata kabla meli haijaondoka. Kontena likifika, za kuuza kwa mpita njia zitakuwa 85. Alinyamaza, kisha akasema jambo la kweli kabisa: kwamba miaka yote alikuwa akiona kontena linaingia asubuhi, jioni ya pili limekwisha, na hakujua linakwendaje. Lilikuwa limeuzwa zamani.

Ugumu ulianza tulipojaribu kuamua ni wakati gani hasa kitu kihesabiwe kimetengwa. Muuzaji yeyote wa Gerezani anajua sentensi ya "niwekee, narudi". Asilimia ya wanaorudi sitaitaja kwa sababu hakuna aliyewahi kuihesabu, lakini wauzaji huicheka wenyewe. Kama kila "niwekee" ingeandikwa kuwa oda, rafu ingejaa na duka lisingekuwa na cha kuuza. Tukaanza na kanuni kwamba profoma haitengi kitu. Ni bei tu iliyoandikwa. Oda ya mauzo ndiyo inayotenga, na oda ya mauzo haifunguliwi bila kianzio. Ilisaidia mno. Lakini hata kianzio kina udhaifu wake. Kulikuwa na seti za klachi zilizotengwa kwa mteja mmoja tangu msimu wa mvua mpaka msimu mwingine wa mvua. Alitoa kidogo, akapatwa na shida zake, hakutokea tena. Kila fundi aliyezitaka aliambiwa hazipo, nazo ziko pale zinakusanya vumbi, mteja anaziona kwa macho juu ya bega la muuzaji. Huwezi kumweleza mteja wa namna hiyo. Anaamini unamficha ili upandishe bei.

Kwa hiyo utengaji wowote lazima uwe na tarehe ya kufa. Tulipanga siku 14 kwa wa Dar na 30 kwa wa mikoani na nje; muda ukiisha, programu inamkumbusha muuzaji apige simu, na asipopata jibu oda inafungwa, kianzio kinabaki kama salio la mteja, mali inarudi kuuzwa. Mzee aliipinga kanuni hii kwa nguvu zake zote. Alisema kuna watu ambao neno lao linazidi kianzio, waliotubeba duka lilipokuwa banda, na hao hawapangiwi siku. Bosi akakubaliana naye. Mimi niliona ni kufungua mlango, lakini sikuwa na la kusema mbele ya wazee wawili. Tukaweka kisanduku kidogo kwenye kadi ya mteja. Kikitiwa alama, utengaji wake hauna kikomo.

Sasa nije kwenye iliyoagizwa, maana huko ndiko nilikoona hasara kubwa zaidi, na ni hasara isiyopiga kelele. Iliyotengwa ikikosewa, mteja atakuja juu siku hiyohiyo. Iliyoagizwa ikikosewa, hakuna anayegomba. Duka linakauka polepole.

Chukua filta ya oili, kitu rahisi kuliko vyote dukani, na ndiyo maana haifai kukosekana: fundi anayekuja kufanya sevisi ananunua filta, oili, plagi na pengine brekpedi kwa safari moja. Akikosa filta anakwenda kununua vyote kwa jirani. Filta fulani ilikuwa na kiwango cha kuagiza cha 60, maana yake iliyopo na iliyoagizwa, baada ya kutoa iliyotengwa, zikishuka chini ya hapo programu ipendekeze oda mpya. Zikabaki 9 rafuni, na programu kimya. Wafanyakazi wakaanza kusema kompyuta haina akili. Nilipofungua ukurasa wake nikakuta imeandika zilizoagizwa 72. Tisa na 72 ni 81, imepita 60, kwa hiyo programu inastarehe. Zile 72 zilikuwa wapi? Hazikuwa popote. Zilikuwa mabaki ya oda za zamani: moja muuzaji wa Dubai alituma pungufu ya 30, nyingine pungufu ya 24, nyingine 18. Kila mara tulipokea kilichokuja, tukalipa kilichokuja, tukasahau kwamba oda yenyewe ilibaki wazi ikingoja mabaki ambayo muuzaji hakuwa na nia ya kuyatuma. Maiti hizi za makaratasi zilikuwa zinatuzuia kuagiza mali hai.

Tangu hapo, duka lolote ninaloitwa kwa malalamiko kwamba "programu haiagizi vizuri", sitazami rafu kwanza. Natafuta oda za manunuzi zilizo wazi ambazo tarehe yake ya kufika imeshapita, nazipanga kuanzia ya zamani kabisa. Mara nyingi jibu limo kwenye kurasa mbili za mwanzo.

Lipo na kosa la upande wa pili. Kijana anayepokea mzigo akiwa na haraka, badala ya kufungua oda iliyoagiza ule mzigo na kuipokelea humo, anaingiza stoki moja kwa moja. Beringi 48 zimeshuka, ameziingiza, iliyopo imekuwa 48. Lakini ile oda haijaguswa, nayo bado inasema 48 ziko njiani. Kwa programu, duka lina beringi 96. Mteja wa Mbeya anaahidiwa 60 kwa moyo mkunjufu. Makatoni yana vurugu yao pia: umeagiza katoni 20 za pisi 12, umepokea ukiandika pisi 240, na mashine inashangilia kwamba umeletewa mara 12 ya ulichoomba. Hilo la katoni dawa yake ni kuweka kipimo kimoja tu kwenye oda na mapokezi, na halihitaji hotuba.

Hotuba ninayo kwa ajili ya wamiliki. Mwaka 2021, makontena yalipoadimika duniani na nauli ya meli ikapaa, na ile Ever Given ikaenda kukwama kwenye Mfereji wa Suez siku 6 za mwezi Machi kana kwamba shida hazijatosha, tajiri mmoja niliyekuwa nikimhudumia aliona rafu zake za shokapu zinakaribia kuisha. Alikuwa ameagiza, mzigo umechelewa. Akaagiza tena kwa dalali mwingine. Nao ukachelewa. Akaagiza kwa wa tatu. Zote aliziagiza kwa ujumbe wa WhatsApp usiku, akiwa nyumbani, hakuna hata moja iliyoingia kwenye programu. Skrini ya duka iliendelea kuonyesha iliyoagizwa sifuri, na kila aliyeitazama, pamoja na yeye mwenyewe, alizidi kuingiwa na hofu. Mizigo ikafika karibu kwa pamoja. Aliilipia storeji kwenye bandari kavu kwa sababu hakuwa na fedha za kuitoa yote, na shokapu za bei ya msimu wa adha akaziuza nauli zikiwa zimeshashuka.

Watu walimcheka kwa pupa yake. Mimi sikuona pupa. Pale chuo cha MIT, Marekani, kundi la Jay Forrester lilibuni mchezo wa kufundishia biashara ambao wachezaji wanne hushika nafasi za muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda, wakiagiziana bia. Mahitaji ya wanywaji hubadilika mara moja tu katika mchezo mzima: kreti 4 kwa wiki huwa 8, basi. Hata hivyo oda hupanda na kuporomoka kama mtu mwenye homa ya vipindi. John Sterman alichambua matokeo ya mchezo huo katika makala ya mwaka 1989, akaonyesha kuwa wachezaji huwa hawazingatii ipasavyo kile walichokwisha kuagiza ambacho hakijafika. Wanatazama ghala tupu na kuagiza tena. Waliocheza walikuwa watu wa chuo na wasimamizi wa kampuni, mezani, bila deni la benki juu yao. Tajiri wangu alikuwa nalo, na madai ya wateja juu yake. Angewezaje kutulia, na namba pekee ambayo ingemtuliza haikuwa imeandikwa?

Nilipomuuliza kwa nini haandiki oda zake kwenye mfumo, jibu lake lilinifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Alisema akiziandika, kila kijana wa kaunta ataona ananunua kwa nani na kwa bei gani, na kesho kijana huyo atakuwa na fremu yake mtaa wa pili akiagiza kwa dalali yuleyule. Ni kweli. Wenye maduka wengi wa Gerezani walianza hivyo hivyo. Watengenezaji wa programu wanaandika miongozo kana kwamba duka lina siri moja tu, nywila. Tulichofanya ni kumfungulia ruhusa zake: oda anaiingiza yeye, jina la muuzaji na bei anaviona yeye na mhasibu, kaunta wanaona idadi na tarehe inayotarajiwa. Kwa kazi ya kaunta hivyo viwili vinatosha.

Na tarehe ndiyo nusu ya habari. Iliyoagizwa 100 bila tarehe haimsaidii mtu wa Lubumbashi anayetaka kujua apande gari lini. Mzigo wa Dubai na wa Guangzhou haufanani kwa mwendo, na mzigo uliofika bandarini bado una forodha mbele yake. Mimi huwashauri watu waweke tarehe ya kufika dukani, sio ya meli kutia nanga, na waisogeze kila habari mpya inapokuja, hata kama inaudhi. Muuzaji aliyezoea kusogeza tarehe hupata aibu kidogo kidogo. Asiyesogeza huipata yote siku moja, mbele ya mteja aliyesafiri.

Ukihama programu, angalia pia kila moja inahesabu vipi, usiamini kichwa cha safu. SAP Business One huchukua iliyopo, ikatoa iliyotengwa, ikaongeza iliyoagizwa, na kukuonyesha jumla hiyo kuwa ndiyo inayopatikana. QuickBooks ya Desktop haiongezi iliyoagizwa kwenye hesabu yake. Odoo hukupa iliyopo, halafu makadirio yanayojumlisha kinachoingia na kinachotoka. Tally, inayopendwa sana madukani kwetu, ina ripoti ya kuagiza inayopanga salio, manunuzi yanayosubiriwa na mauzo yanayodaiwa kwenye mstari mmoja, na kwa maoni yangu ndiyo inayokaribia zaidi ukurasa wa Mzee, penseli na wino pamoja. Nimemwona keshia mzuri, mwangalifu, akitoka duka moja kwenda jingine na kuuza kontena lililokuwa bado baharini, kwa sababu namba aliyozoea kuiamini ilikuwa imebadilika maana bila mtu kumwambia.

Mzee alistaafu akarudi Tanga. Kisanduku chake cha wateja wasio na kikomo kilibaki kwenye programu, na waliofuata stoo hawajui kiliwekwa kwa nini; wanajua tu wasikiguse. Nilipopita duka lile hivi karibuni kusafisha oda, nilikuta baadhi ya majina yaliyotiwa alama ni ya watu waliokwisha kufunga biashara, mmoja amehamia kilimo, na bado beringi zinatengwa kwa majina yao kila mzigo unapoingia. Nimeandika orodha ya kuondolewa. Bosi ameisoma, akaweka tiki kwenye majina yote isipokuwa mawili, akasema hayo hadi ampigie Mzee kwanza.